Kamba hukatikia pabovu

Mpenzi msomaji, kabla hujamaliza chai yako ya Jumapili, hebu nikuulize swali moja. Umesimama juu ya gogo lililofungwa kati ya miti miwili, futi 25 kutoka ardhini. Miguu inatetemeka, jasho linakutoka, na kitu pekee kitakachokuzuia usianguke kama embe bivu ni kamba moja tu. Je, ungependa mwisho wa kamba hiyo ushikwe na nani?

Usikimbilie kusema mume wangu, au mke wangu, au mama aliyenizaa. Hao hawapo. Swali langu linahusu wale unaofanya kazi nao, unaokunywa nao chai saa nne, unaochangiana nao harusi na matanga. Ni yupi kati yao ungempa kamba yako? Na ni yupi ungemwomba Mungu asipewe?

Mimi, msomaji wangu, nilipewa huyo wa pili. Kisa chenyewe ni hiki.

Jumamosi moja mwaka jana, mkubwa wetu wa kazi alitukodia basi dogo kutoka mjini Kisumu hadi Kombewa, kule Seme. Kama hujawahi kufika huko, njia yake ni rahisi. Unatoka mjini kama mtu anayeelekea Busia. Ukifika Kisian, unaiacha barabara hiyo na kushika ile ya Bondo, unapita Holo, huku ziwa likionekana na kupotea upande wa kushoto. Ndilo eneo lenye Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana ambayo jina lake maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Ni sehemu yenye utulivu, na siku hiyo upepo kutoka ziwani ulikuwa mwanana. Lakini ndani ya basi letu hapakuwa na utulivu wowote. Watu 22 tulikaa kama abiria wasiojuana. Walio upande wa mkubwa walikaa mbele, walio dhidi yake walikaa nyuma, na sisi wengine tulitazama nje.

Barua ya mwaliko ilisema tunakwenda kujenga umoja kwa michezo ya kamba. Nilipoisoma nilicheka. Nikamwambia mwenzangu mezani, "Watu wazima wenye watoto wa sekondari tunakwenda kuning'inia mitini kama tumbili! Pesa hizo si wangetuongezea mishahara?" Nadhani hata wewe, kama umewahi kupelekwa katika shughuli za namna hiyo, ulisema maneno yanayofanana na hayo.

Lakini kicheko changu kilikuwa cha kuficha jambo. Ofisini petu tuna chama cha kufaana. Kila mmoja hutoa shilingi 300 kwa mwezi, na anayefiwa hupewa fedha za kumsaidia. Mweka hazina wa chama hicho ni mimi. Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya safari hiyo, dereva wetu alifiwa na mama yake. Alinijia Ijumaa jioni akiwa amevua kofia, akaniomba fedha zake apate kulipa mochari na kumpeleka mama nyumbani. Nikamwambia kanuni inataka kibali cha mazishi na sahihi ya mwenyekiti. Kibali hakikuwa tayari. Mwenyekiti alikuwa Nairobi. Nikafunga droo.

Fedha zilikuwemo ndani ya droo ile, msomaji. Ningeweza kumpigia mwenyekiti simu. Ningeweza kuzitoa na kuandika barua ya kueleza. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kwenda nyumbani, na moyoni niliogopa kwamba nikivunja kanuni watu watasema mweka hazina anagawa fedha apendavyo. Marehemu alikaa mochari siku 4 zaidi, bili ikipanda kila siku, na jamaa waliokwisha kusafiri kutoka mbali wakiulizana kuna nini. Wewe unajua kwetu huku ziwani mazishi ni jambo zito kiasi gani. Dereva alikopa kwa watu, akamzika mama yake, akarudi kazini. Tangu siku hiyo hakunitukana wala hakunishtaki. Alinisalimu asubuhi kwa neno moja, basi. Neno hilo moja lilinitesa kuliko matusi.

Basi tulifika Kombewa, tukaingia katika uwanja wenye miti mirefu ya mikaratusi. Tulilakiwa na mkufunzi, msichana ambaye umri wake haukufika miaka 30, aliyevaa suruali ya kazi na viatu vizito. Wazee wetu walitazamana. Yeye akatuamkia kwa adabu, "Shikamooni wazee wangu," kisha akatoa amri ya kwanza: saa, pete, mikufu na simu zote ziwekwe ndani ya kikapu. Mkubwa wetu akasita kutoa simu yake. Msichana akasimama mbele yake na kikapu, akitabasamu, mpaka ikatumbukia.

Tulidhani tutapelekwa moja kwa moja juu ya miti. La hasha. Tulianza chini, na naomba unisikilize vizuri hapa, kwa sababu sehemu hii hata wewe unaweza kuifanya na watu wako. Alitufunga vitambaa machoni watu 12, akatuwekea mikononi kamba moja ndefu iliyofungwa ncha zake pamoja. Akasema, "Tengenezeni mraba. Pembe 4 sawa, pande 4 sawa. Hakuna kuachia kamba."

Loo! Zikaanza kelele. Mkubwa wetu, ambaye hakuona chochote sawa na sisi, akaanza kutoa amri: wewe njoo huku, wewe rudi kule. Huku ni wapi na hatuoni? Kila mtu akavuta upande wake. Baada ya dakika 10 tulikuwa na kitu kama mfuko wa viazi. Katika kelele hizo palikuwa na sauti ndogo iliyokuwa ikisema, "Tuhesabu hatua. Jamani, tuhesabu hatua kutoka kwenye fundo." Hakuna aliyesikia. Alikuwa mama anayetupikia chai. Mkufunzi akasimamisha mchezo, akatuuliza, "Kuna mtu ameshasema jawabu mara 5. Nani amemsikia?" Kimya. Akatupa nafasi tena, akisema safari hii aongee mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mama yule akaeleza, tukahesabu hatua kutoka kwenye fundo, tukakunja pembe moja baada ya nyingine. Tulipofungua macho mraba ulikuwa pale, umepinda kidogo lakini ni mraba. Miaka 7 mama huyo ametupikia chai, na hakuna aliyewahi kumuuliza neno lolote zaidi ya kama sukari imetiwa.

Mchezo wa pili uliitwa utando wa buibui. Kamba zilisukwa kati ya miti miwili, zikaacha matundu makubwa na madogo. Kila mtu apite katika tundu lake bila kugusa kamba, na tundu likishatumika limefungwa. Wepesi wakakimbilia matundu makubwa ya chini, wakapita wakishangilia. Kumbe wamewaachia wanene na wazee matundu ya juu! Ikabidi kuwabeba. Hapo tulijifunza bila kuhubiriwa kwamba aliyetangulia kula vinono humwachia mwenzake mifupa.

Usidhani michezo hii ilibuniwa jana na watu wasio na kazi. Mwaka wa 1902 mlima wa volkano uitwao Pelée ulilipuka katika kisiwa cha Martinique na kuuteketeza mji wa Saint-Pierre. Afisa mmoja wa wanamaji wa Ufaransa, Georges Hébert, alishiriki katika kuokoa watu. Aliporudi kwao alishika imani kwamba nguvu za mwili hazina maana zisipoambatana na ushujaa na moyo wa kusaidia wengine. Akaanzisha mazoezi ya kukimbia, kupanda, kuruka na kutembea juu ya magogo, na vizuizi vya namna hiyo vikaenea katika majeshi ya nchi nyingi.

Kisha, mwaka wa 1941, katikati ya Vita Vikuu vya Pili, mwalimu Mjerumani aliyekuwa amemkimbia Hitler, Kurt Hahn, alifungua shule huko Aberdovey, Wales, akisaidiwa na tajiri wa meli Lawrence Holt. Holt alikuwa ameona jambo la ajabu. Meli zilipozamishwa, mabaharia vijana wenye nguvu walikufa ndani ya mashua za kuokolea, huku wazee wakinusurika. Vijana walikuwa na misuli, lakini hawakuwa wamezoea taabu wala kutegemeana. Shule hiyo iliitwa Outward Bound, na katika miaka ya 1950 tawi lake lilifunguliwa hapa kwetu Kenya, Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walipitia huko wakapanda mlima ule. Ni Hahn huyo huyo aliyechochea kuanzishwa kwa tuzo ya vijana ya Uingereza mwaka wa 1956, ambayo ilifika Kenya mwaka wa 1966 kama Tuzo ya Rais. Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu mnaijua.

Lakini si kila shule ina mlima. Mwaka wa 1971, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwalimu mkuu Jerry Pieh na wenzake walianza mpango ulioitwa Project Adventure. Badala ya kuwapeleka wanafunzi milimani, waliuleta mlima shuleni kwa kamba, magogo na miti ya uwanjani. Kutoka huko ndiko mchezo huu ulikopata sheria yake moja kubwa, nayo ni kwamba kila mtu huchagua mwenyewe atafika wapi. Hakuna kulazimishwa.

Sheria hiyo niliiona ikifanya kazi mchana ule. Baada ya chakula tulipelekwa kwenye miti mirefu. Palikuwa na ngazi, halafu gogo lililofungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mhasibu wetu, mzee aliyebakiza miaka 2 astaafu, akasema yeye hapandi. Mkubwa wetu akacheka kwa sauti, "Mzee, hesabu za watu huziogopi, unaogopa mti?" Wengine wakacheka, na nasikitika kusema hata mimi nilicheka. Msichana yule akainua mkono. Kwa upole akasema, "Mzee amefanya uamuzi mbele ya watu 21 wanaomtazama. Huo pia ni ushujaa. Hapa hatumcheki mtu." Kisha akampa mzee kazi ya kukagua mikanda ya kila anayepanda. Mzee akaikagua kama anavyokagua risiti. Alimkuta kijana mmoja ambaye mkanda wake haukupitishwa mara ya pili katika kifungo. Akamrudisha. Hebu fikiri kama mzee huyo angelazimishwa kupanda, nani angeliona kosa lile?

Ikaja zamu yangu. Nilivishwa mkanda wa kiunoni na mapajani, na kofia ngumu. Kamba ilifungwa mbele yangu, ikapanda juu hadi kwenye pete za chuma, ikashuka tena upande wa pili. Huko chini ndiko husimama mshika kamba. Naye amevaa mkanda, na kamba hupita katika kifaa cha chuma kilichofungwa kiunoni mwake. Mkono mmoja huongoza kamba, na mwingine, ulio chini, huitwa mkono wa breki. Kanuni ni kwamba mkono wa breki hauachii kamba, hata nyuki akuume. Nyuma yake husimama mtu wa pili, ameshika mkia wa kamba, endapo wa kwanza atashindwa.

Mkufunzi akauliza nani yuko tayari kushika. Dereva akapiga hatua mbele. "Mimi ni dereva," akasema. "Breki naijua."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ajabu ni kwamba aliyeumwa alikuwa yeye, na aliyeshtuka ni mimi, niliyeuma. Ndivyo dhamiri ilivyo.

Kabla ya kupanda kuna maneno ambayo lazima yasemwe, na bila hayo hakuna kuinua mguu. Anayepanda huuliza, "Umenishika?" Mshikaji hukagua kila kitu, ndipo hujibu, "Nimekushika." Nilisimama mbele ya mtu ambaye kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa sijamtazama machoni. Nikasema kwa sauti iliyokauka, "Umenishika?"

Hakujibu haraka. Alivuta kamba, akatazama kifungo changu, akatazama chake, akageuka nyuma kuhakikisha mwenzake yuko. Kisha akanitazama. "Nimekushika, mama."

Nikapanda. Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Ngazi niliimaliza, lakini katikati ya gogo miguu iligoma. Upepo ulitikisa miti na gogo likacheza. Kutoka juu ziwa lilionekana lote, limemetameta, na badala ya kulifurahia nilifumba macho. Nikalia. Mama mtu mzima, mweka hazina, nalia juu ya mti! Chini watu walipaza sauti, kila mmoja na ushauri wake, mpaka nikasikia moja tu, ya chini, isiyo na haraka. "Mama, usitazame chini. Sogeza mguu wa kulia. Kamba imekaza. Sikuachii."

Nilisogeza mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Hatua ya mwisho niliteleza. Nilianguka kiasi cha mkono mmoja tu, kisha kamba ikanidaka, nikabaki nikibembea kama ndoo ya kisima. Alinishusha polepole. Miguu ilipogusa nyasi niliona viganja vyake vimekuwa vyekundu.

Msomaji, magazeti ya hadithi yangemalizia hapa. Tungekumbatiana, na wote wangepiga makofi. Haikuwa hivyo. Alifungua kamba, akaenda kunywa maji.

Kazi yenyewe ilikuja baadaye, tulipokaa chini ya mti kwa duara. Mkufunzi alituuliza maswali matatu tu: Nini kimetokea leo? Kina maana gani kwetu? Jumatatu tutafanya nini? Watu walisema mambo ya juu juu, umoja ni nguvu, na kadhalika. Kisha dereva akainua mkono. Alisema, bila ghadhabu, akitazama kamba zilizokunjwa pale katikati, "Leo mweka hazina aliniuliza kama nimemshika, nikamshika. Siku mama yangu alipolala mochari, na mimi nilikuwa juu ya mti. Niliuliza. Hakuna aliyejibu."

Hakuna aliyekohoa. Mkubwa wetu, ambaye hakuwahi kulijua jambo hilo, alinitazama. Nilikuwa na majibu yangu ya siku zote, kanuni, sahihi, kibali. Yalikuwa ya kweli yote, na yote yalikuwa bure. Nikasema, "Mzee, fedha zilikuwemo. Niliogopa maneno ya watu kuliko nilivyokuonea huruma. Nimekukosea. Naomba msamaha mbele ya hawa." Akakaa kimya kwa muda. Akajibu neno moja tu, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe, nami sikuwa na haki ya kumdai.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Nilikuwa nikilijua neno hilo tangu utotoni, lakini sikuwahi kujua kwamba pabovu paweza kuwa ni mimi. Hiyo ndiyo faida niliyoiona katika michezo ya kamba, ndugu msomaji. Haileti umoja. Anayekuuzia umoja wa siku moja kwa bei ya chakula cha mchana na fulana anakudanganya. Inachofanya ni kuivuta kamba yenu mpaka muone pale inapotaka kukatika. Nani hasikilizwi. Nani hupita tundu rahisi na kuwaachia wengine magumu. Nani aliwahi kuomba kushikwa asishikwe. Mkishaona, kazi ya kupasuka upya nyuzi zilizochakaa ni yenu, nayo hufanywa Jumatatu, ofisini, mkiwa mmevaa viatu vya kawaida.

Jumatatu ile tuliketi tukabadilisha kanuni ya chama. Sasa anayefiwa hupewa nusu ya fedha siku hiyo hiyo, kwa sahihi za wajumbe wawili wowote, na karatasi hufuata baadaye. Mama wa chai tulimchagua kuwa mjumbe. Miezi michache baadaye mwenzetu wa mapokezi alifiwa na baba yake, na kabla ya saa tisa mchana fedha zilikuwa mkononi mwake. Aliyezipeleka hadi nyumbani kwao, jioni, kwa gari la ofisi, alikuwa dereva. Aliporudi alipitia mezani kwangu kunipa karatasi iliyotiwa sahihi. Akasema, "Zimefika, mama." Yalikuwa maneno mawili. Nimeyahesabu.

Kama wewe ni kiongozi wa ofisi, kwaya, shule au chama, na unafikiria kuwapeleka watu wako kwenye kamba, nina maneno machache ya kukupa. Kwanza, uliza juu ya vifaa. Kamba za kupandia ni za nailoni zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, nazo huchakaa kwa jua na msuguano. Mkufunzi wa kweli atakuonyesha daftari la lini zilianza kutumika na lini zilikaguliwa. Akikasirika kwa kuulizwa, rudi nyumbani. Kamba ya kufungia ng'ombe au ya kuanikia nguo haimbebi mtu juu ya mti, hata ikiwa mpya. Pili, mwenye ugonjwa wa moyo, mgongo mbovu au mimba abaki chini, na kazi za chini zipo tele. Tatu, asilazimishwe mtu, wala asichekwe. Nne, muda wa kukaa chini na kuzungumza usikatwe ili watu wawahi nyama choma. Bila mazungumzo hayo mtakuwa mmelipia mchezo tu.

Na kama huna fedha za kumlipa mkufunzi, usijali. Nenda ufukweni kokote katika ziwa hili asubuhi, uwatazame wavuvi wakivuta mashua kutoka majini. Mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia, na mashua husogea kwenye kiitikio, si kabla wala baada. Anayevuta peke yake hujiumiza kiuno bure. Watu wa ziwani walijua shughuli hii ya kamba na umoja kabla ya barua za mialiko kuandikwa.

Mimi mwenyewe nilinunua mita 15 za kamba ya katani sokoni, nikaipeleka nyumbani kwetu mjini. Jumapili moja baada ya kanisa niliwafunga vitambaa machoni mume wangu na watoto wetu wanne, nikawaambia watengeneze mraba uani. Mzee wa nyumba akatoa amri, kama mkubwa wetu. Kijana wa kidato cha tatu akabishana naye. Na kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka 8, alikuwa akisema kitu kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyeisikia. Nilisimama pale nikawatazama, na kicheko kikaniishia mdomoni.

Nikawasimamisha. Nikawauliza swali nililojifunza Kombewa, nani amemsikia huyu mdogo? Baba yake alivua kitambaa, akachuchumaa, akamwambia, "Haya mwanangu, sema tena." Mraba wetu ulipinda vibaya sana siku hiyo. Lakini jioni, wakati wa chakula, yule mdogo ndiye aliyezungumza kuliko wote, na katika kuzungumza kwake ndipo tulipojua kwamba kuna wenzake shuleni waliokuwa wakimnyang'anya chakula tangu muhula uanze. Alikuwa ametuambia zamani, akasema. Mara kadhaa.

Basi msomaji wangu, weka kikombe chini kidogo. Tazama walio mezani pako leo, na kesho uwatazame walio ofisini. Huenda kati yao yuko mmoja ambaye ameshauliza, kwa sauti ndogo, "Umenishika?" Kagua kifungo chako, umjibu.